Barua ya wazi kwa vijana wa kikundi cha matembezi, Nairobi

Wanangu,

Mnabishana kama kutembea kwa miguu ni burudani ya kualika watu au ni zoezi la kila mtu kivyake. Mimi nasema ni burudani, tena hunoga kwa wengi, ila kwa sharti moja: kundi lifuate mwendo wa anayechelewa. Vikundi havivunjwi na mlima wala jua. Vinavunjwa na wenye miguu myepesi.

Angalieni yanavyoharibika. Walio mbele wanafika kivulini, wanakaa dakika tano, wanakunywa maji, wanapiga picha. Wa mwisho anatokea akihema, na papo hapo wenzake wanainuka: "Haya, twendeni!" Aliyechoka kuliko wote ndiye asiyepumzika kabisa. Safari ijayo mkimwita atasema ana shughuli, na hamtajua kwa nini. Basi dakika za mapumziko zihesabiwe tangu wa mwisho anapoketi.

Wekeni mmoja mbele anayeijua njia, na mmoja nyuma asiyempita mtu yeyote. Huyu wa nyuma awe mwenye nguvu, abebe plasta na bendeji. Mwendo unapimwa kwa maneno: mtu aweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Akishindwa, punguzeni.

Wageni waanzisheni katika Msitu wa Karura, hapa Nairobi. Njia ni pana, miinuko si mikali, na penye njia panda kuna vibao vya namba. Subirianeni katika kila kibao, mhesabiane. Waambieni pia kwamba msitu ule upo hadi leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake waliutetea, hata wakapigwa mwaka 1999 wakipinga viwanja kukatwa humo. Kilomita sita zinatosha kwa siku ya kwanza. Afadhali mgeni arudi nyumbani akitamani zaidi.

Milima ya Ngong ije baadaye. Kilele kirefu kinakaribia mita 2,460, na ukitoka upande wa mitambo ya upepo kuelekea Kona Baridi, mwisho wa pili wa milima hiyo, unapanda na kushuka mara nyingi. Hesabuni saa moja kwa kila kilomita tano, mwongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda, kisha muda wa mapumziko juu yake. Bebeni jaketi hata mji ukiwa na jua, maana upepo wa kule hukausha jasho ghafla na mtu akaanza kutetemeka. Sehemu za mbali zina upweke, kwa hiyo ulizeni langoni kuhusu askari wa misitu wa kuwasindikiza.

Kupanda kunachosha, lakini kushuka ndiko kunakoumiza. Mguu huteleza mbele ndani ya kiatu, vidole vikagonga ncha, na kucha zikawa nyeusi. Kabla ya kuteremka, simameni mkaze kamba pale kifundoni ili kisigino kikae nyuma. Kiatu kiwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, na kisiwe kipya siku hiyo. Ngozi ikianza kuwaka moto, bandikeni plasta hapo hapo. Anayesema "nitavumilia" atakuwa na lengelenge baada ya kilomita mbili, na kundi zima litamsubiri.

Maji ni kama nusu lita kwa saa, kwenye chupa ya kujazwa tena. Zile za plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga za Kenya tangu Juni 2020.

Na mazungumzo, jamani! Hiyo ndiyo tunu yenyewe. Watu wakitembea bega kwa bega hawatazamani usoni, kwa hiyo mwenye jambo zito hulitoa polepole, hatua kwa hatua, jambo ambalo mezani angelimeza. Acheni spika nyumbani. Baada ya kila mapumziko badilishaneni wa kutembea naye, mgeni asiachwe na aliyemleta tu.

Zamu ya nyuma izunguke kila safari. Na yule anayechelewa, siku moja mtangulizeni mbele awaongoze. Kundi litafuata mwendo wake bila mtu yeyote kuambiwa apunguze.

Mzee wenu