Nyonga zinauma, tunaambiwa tuvumilie

Mhariri habari za kazi, mi ni msomaji wenu wa hapa Nkuhungu, Dodoma, naomba kanafasi niseme kuhusu maumivu ya nyonga kwa wajawazito. Kliniki tunapimwa presha, uzito, tunapewa vidonge vya kuongeza damu, vizuri tu, ila ukimwambia nesi hapa kinenani panauma unajibiwa "mimba ndo zilivyo mama, vumilia" anaitwa mwingine.

Jamani wanaoumwa hivi sio wachache, ni kama mjamzito mmoja kati ya watano. Mimba inalegeza kano zinazoshika mifupa ya nyonga na uzito nao unaongezeka, sasa maungio ya mbele kinenani na ya nyuma chini ya kiuno yanakosa kutulia. Jirani yangu akigeuka kitandani usiku tunamsikia ukutani, kuvaa chupi mpaka ashike mlango, kupanda bodaboda ndo usiseme, na asubuhi hiyohiyo anajitwika ndoo ya lita 20 toka bombani, mume yupo kijiweni (mtanisamehe ila ndo ukweli).

Na kupunguza wala sio gharama. Vaa ukiwa umekaa, lala ubavu na mto au kanga iliyokunjwa katikati ya magoti, ukigeuka au ukishuka kwenye gari bana magoti pamoja, mizigo waachie wengine, tembea kidogo kidogo sio kulala kutwa. Dawa ndo muwe makini, parasetamo ya kipimo inaruhusiwa lakini diklofenaki na brufeni usinunue tu dukani, hasa mimba ikishafika wiki 20 zinaweza kuumiza figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Ukiona damu, homa, mkojo unachoma au tumbo linakaza na kuachia kabla ya wiki 37, hiyo sio nyonga tena, wahi hospitali.

Siku ya kujifungua mwambie mkunga mapema miguu yako inapanuka mpaka wapi, asikulazimishe kupita hapo. Baada ya hapo wengi wanapona ndani ya wiki au miezi kadhaa, ila wapo wanaochechemea mpaka mtoto anatambaa na hawasemi, wanaona aibu.

Ombi langu kwa wahusika, lile swali la "nyonga vipi?" liwepo kila hudhurio na hata lile la wiki ya sita baada ya kujifungua, na anayeumwa aandikiwe aende kwa mtu wa fiziotherapia mapema akafundishwe mazoezi, asisubiri mpaka ashindwe kutembea.

Mama wa wawili,
Nkuhungu, Dodoma