Barua ya wazi kwa vijana mnaochagua kati ya Amherst na Williams

Wanangu,

Salamu kwenu mlioitwa na vyuo vyote viwili, kwenu mnaosubiri majibu, na kwa wazazi mnaochungulia simu za watoto.

Majibu yakitoka, mimi mwalimu mstaafu huulizwa lile lile: mwalimu, kipi bora? Sina jibu, maana hawa ni Kulwa na Doto. Vyote viko Marekani, magharibi mwa jimbo la Massachusetts, kila kimoja kina wanafunzi 2,000 hivi, na vyote kazi yao kubwa ni kumfundisha mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Hata damu wanachangia: mwaka 1821 rais wa Williams, Zephaniah Swift Moore, alikihama chuo chake na baadhi ya wanafunzi, akawa rais wa kwanza wa Amherst. Kwa hiyo zile orodha za nani wa kwanza nani wa pili ziwekeni kando. Na msiniletee habari kwamba Uhuru Kenyatta alisoma Amherst. Kweli alisoma, lakini hatakuja kukuandikia insha.

Jiulizeni hivi: chuo kitanilazimisha kufanya nini ambacho nikiachiwa mwenyewe sitakifanya?

Amherst hailazimishi mengi. Semina moja ya mwaka wa kwanza, masharti ya somo lako kuu, basi. Mengine ni wewe na mshauri wako. Kozi za pale zisipokutosha, unapanda basi ukasome vyuo jirani, Smith, Mount Holyoke au Chuo Kikuu cha Massachusetts, na ada ni ile ile. Raha, sikatai. Ila nawajua. Mtoto aliyepangiwa PCM tangu kidato cha tano, akaaminishwa kwamba historia ni ya walioshindwa hesabu, ukimwambia achague atachagua nini? Fizikia, kemia, hesabu. Baada ya miaka minne anarudi nyumbani na PCM yake ile ile, kaongeza koti la baridi tu.

Williams inakutaka uguse pande tatu, yaani lugha na sanaa, sayansi ya jamii, kisha sayansi na hesabu, kozi tatu kila upande. Januari nzima unasoma kitu kimoja tu, na wengi huchagua kilicho mbali na fani yao. Lakini mimi ningewauliza zaidi kuhusu zile kozi za wanafunzi wawili na mwalimu mmoja. Wiki hii unaandika insha ya kurasa tano, sita, unaisoma mbele ya mwenzako. Yeye kaja na maandishi yake ya kuikosoa: hapa umedai bila ushahidi, hapa umejipinga mwenyewe. Unajibu. Wiki ijayo mnageuziana. Mwalimu yupo, lakini anasikiliza zaidi ya kusema, na huwezi kujificha nyuma ya darasa kwa sababu darasa lenyewe ni nyinyi wawili.

Hakuna anayelazimishwa kuzichukua, ila mnajua kwa nini nazitaja. Sisi walimu wenu tuliwafundisha kunyamaza na kunakili ubaoni. Mwanafunzi mpole, hodari wa mitihani, anayeona haya kumpinga mtu, huyo ningempeleka Williams. Aliyekwisha kuwa mbishi, anayejua anachokitafuta na asiyependa kuchungwa, aende Amherst, atakula vinono.

Mahali napo patazame. Williamstown ni mji mdogo milimani, Boston ni karibu saa tatu kwa gari, na ukiwa mtu wa watu, Februari utaona siku haziishi. Kuna makumbusho mazuri ya sanaa, na kuna jambo watu wetu hawalijui: tangu 1960 Williams ina kituo cha uchumi wa maendeleo kinachosomesha shahada ya pili watumishi wa hazina na benki kuu kutoka nchi kama zetu. Anayependa uchumi akae nao mezani. Amherst iko karibu zaidi na Boston, vyuo vimeizunguka, vijana ni wengi.

Sasa fedha, na hapa wazazi msikilize. Vyote viwili huahidi kujaza pengo lote la uwezo wa familia kama wanavyolikokotoa wao, kwa hiyo kwenye barua ya msaada msisome jumla iliyoandikwa kwa wino mzito. Shukeni mstari kwa mstari. Mwaka 2022 Williams iliondoa mikopo na kazi ya chuoni kwenye msaada wake, ikaweka ruzuku tupu. Amherst nayo haitii mkopo kwenye hesabu, lakini angalieni kama wanategemea mtoto afanye kazi, na saa ngapi. Kisha ulizeni kwa barua pepe: bima ya afya imo? Tiketi ya ndege ni mara ngapi? Bweni likifungwa Desemba, asiye na ndugu Marekani analala wapi? Majibu yatunzeni.

Mwisho wa kujibu kwa kawaida ni tarehe 1 Mei. Ukithibitisha kimoja, kiandikie kingine siku hiyo hiyo kukataa kwa heshima, kuna mwenzako kwenye orodha ya kusubiri anaomba usiku na mchana. Kisha fuatilia fomu ya I-20, ile chuo hukupa ili uombee viza ya mwanafunzi, uombe miadi ya viza mapema, na jina lililo kwenye pasipoti lilingane herufi kwa herufi na lile la fomu.

Mwalimu wenu mstaafu,
Morogoro