Barua kwa Zuhura, kabla hujajibu kuhusu zile saa nane za ziada

Leicester,
9 Novemba 2025

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Huku tu wazima, ila baridi imeanza kutukaba. Barua yako nimeisoma na kuirudia: meneja anataka uongeze saa nane za kazi kwa wiki, nawe unasitasita. Kilichonikera ni lile neno la dada yako, kwamba mtu anayesitasita wakati kazi imemfuata mlangoni ni mvivu. Wewe unainua wazee kitandani tangu alfajiri, kisha unaitwa mvivu! Ndiyo maana sikukupigia simu. Hesabu hii inataka karatasi, na nataka uwe nayo mkononi siku dada akirudia maneno yake.

Tuanze na saa moja tu ya kazi. Unalipwa kima cha chini, £12.21 tangu Aprili mwaka huu. Kwa saa 20 kwa wiki unafikisha takribani £12,698 kwa mwaka, na kodi ya mapato huanza ukishapita £12,570. Kwa hiyo umeshafika mpakani, na saa yoyote utakayoongeza inatozwa kodi kuanzia peni ya kwanza: asilimia 20 ya kodi ya mapato na asilimia 8 ya Bima ya Taifa (National Insurance), ule mchango wa lazima unaokatwa kwenye mshahara. Katika £12.21 unabaki na £8.79. Hapo hata mimi ningesema sawa, kila mtu analipa kodi.

Sasa inaingia Universal Credit, ule msaada wa serikali wa kila mwezi kwa wenye kipato kidogo. Kwa kuwa una watoto na unasaidiwa kodi ya nyumba, unaruhusiwa kuchuma £411 kwa mwezi bila kuguswa. Hizo ulishazimaliza zamani. Kinachozidi hapo, kila pauni moja inayokufikia mkononi, msaada wako unashuka kwa peni 55. Kwa hiyo kwenye zile £8.79 zinaondoka £4.83, na mkononi mwako zinabaki £3.96. Umefanya kazi saa nzima, mgongo unauma, na umeongeza pauni 3 na peni 96.

Hujamaliza. Halmashauri yenu inakupunguzia kodi ya halmashauri (council tax), ile inayotozwa kila nyumba, kwa sababu kipato chako ni kidogo. Tangu 2013 kila halmashauri ya England ina utaratibu wake kwa watu wa umri wa kufanya kazi, na nyingi hupunguza msaada huo kwa peni 20 kwa kila pauni inayoongezeka. Ulizia wenu ukoje. Kama ni hivyo, saa yako imeshuka mpaka £3.17.

Chukua zile saa nane. Kwenye hati ya mshahara zitaonekana £97.68 kwa wiki. Kwako zitafika kama £25. Kama ni siku mpya kabisa, panda basi kwenda na kurudi kwa nauli ya £3 kila safari, zinabaki £19 na ushee. Tuseme mwanao mdogo anabaki kwenye klabu ya baada ya shule inayotoza £20: Universal Credit inarudisha mpaka asilimia 85, wewe unalipa £3. Umebaki na £16, Zuhura, kwa siku nzima ya kazi. Gawanya kwa nane uone saa yako inakwenda kwa bei gani.

Nataka uweke na hii pembeni. Mkurugenzi anayepata zaidi ya £125,140 kwa mwaka anakatwa asilimia 45 ya kodi ya mapato na asilimia 2 ya Bima ya Taifa kwenye pauni zake za juu. Akiongezewa £12.21 kama zako, anaondoka na £6.47. Wewe £3.96, hata kabla halmashauri haijanyoosha mkono. Mkurugenzi huyo hakatwi kwa kiwango unachokatwa wewe kwenye pauni ya mwisho, na yeye akisema hataki kazi ya ziada anaambiwa ana akili ya kujua thamani ya muda wake. Hili linaniuma sana.

Kama huniamini, fungua akaunti yako ya Universal Credit kwenye simu, ingia kwenye taarifa ya malipo ya mwezi uliopita. Juu utaona unachostahili, kimegawanywa: chako, cha watoto, cha nyumba. Shuka chini kwenye makato, kuna mstari wa mshahara wako. Wanaonyesha ulichopokea, wanaondoa zile £411, kisha wanakata peni 55 kwa kila pauni iliyobaki. Mwezi ule uliomfanyia mwenzako zamu mbili, linganisha na mwezi wa kabla yake. Utaona kwa macho yako zamu zile zilivyorudi serikalini. Watu wengi hawauangalii mstari huo. Wanaona tu jumla imeshuka, wanadhani wamekosewa.

Kuna jambo jingine usilolitaja kwenye barua yako. Je, mnalipwa kila mwezi au kila wiki nne? Universal Credit inahesabu kwa kipindi cha mwezi mmoja. Ukilipwa kila wiki nne, mara moja kwa mwaka mishahara miwili huangukia kipindi kimoja, msaada unaporomoka au unakatika kabisa mwezi huo, na mwenye nyumba anataka kodi yake kama kawaida. Mwaka 2020 akina mama wanne wanaolea peke yao walishinda kesi katika Mahakama ya Rufaa kwa tatizo linalofanana na hilo. Wao walikuwa wanalipwa kila mwezi, ila tarehe ikiangukia wikendi au sikukuu mshahara unaingia mapema, unahesabiwa pamoja na uliotangulia. Mahakama ilisema kuwaacha vile hakukuwa na mantiki. Kwao kanuni zilirekebishwa. Anayelipwa kila wiki nne bado anatakiwa ajipange mwenyewe, kwa hiyo ukichukua saa zaidi weka akiba kidogo kwa ajili ya mwezi huo.

Kupungua polepole kuna uchungu wake, lakini angalau kila saa inaacha kitu. Yako mambo mengine ambayo hayapungui, yanakatika ghafla. Mfano ni chakula cha bure shuleni: hapa England, tangu 2018, familia iliyo kwenye Universal Credit ikikiomba hukikosa kama mshahara wake wa mkononi umepita £7,400 kwa mwaka. Pauni moja juu ya hapo, na mzazi analipia sahani ya kila mtoto aliyevuka mwaka wa pili, maana wadogo wa hapo chini hula bure wote. Serikali imetangaza kwamba kuanzia Septemba 2026 kila mtoto wa familia iliyo kwenye Universal Credit atakula bure, na nimefurahi kwa ajili yako. Dawa za kuandikiwa na daktari nazo zina mpaka wake: mwenye mtoto aliye kwenye Universal Credit hupewa bure kama mshahara wa mkononi haukuzidi £935 kwa mwezi. Wewe umeshapita, ndiyo maana unalipia dawa zako na mtu wa saa 15 halipii.

Nakuandikia huku namfikiria jirani yangu anayemtunza mama yake. Anamwogesha, anamlisha, anaamka naye usiku. Hayumo kwenye Universal Credit. Anapokea posho ya mtunzaji, £83.30 kwa wiki. Sharti ni kwamba asipate zaidi ya £196 kwa wiki kazini baada ya makato. Akipata £196 anabaki na posho yote, akipata £197 hana hata peni moja ya posho. Ana daftari jikoni, anaandika kila zamu na kujumlisha kwa kalamu kabla hajamjibu msimamizi wake. Wakimwomba amshikie mwenzake saa mbili anakataa, na kazini wanamwona hana ushirikiano. Kabla ya Aprili mwaka huu mpaka ulikuwa £151, na wapo watunzaji waliovuka kwa pauni chache, wakaachwa waendelee kupokea kwa miezi, baadaye wakaletewa deni la maelfu ya pauni. Watu wanaobeba mzigo ambao serikali ingeubeba kwa gharama kubwa mno!

Usidhani haya yameanza juzi. Mwaka 1971 serikali ilianzisha msaada kwa familia zenye mishahara midogo, na mwaka huohuo watafiti wa umaskini Frank Field na David Piachaud wakaonyesha kwamba mfanyakazi akiongezewa mshahara, kodi na kupunguzwa kwa misaada vinaweza kumeza karibu nyongeza yote. Wakauita mtego wa umaskini. Mpaka mabadiliko ya 1988 palikuwa na familia ambazo pauni moja ya nyongeza iliwapotezea zaidi ya pauni moja. Universal Credit ilipoanza 2013 iliahidi kwamba kazi italipa daima. Imeondoa mabaya zaidi, hilo nakubali. Ilianza kwa kukata peni 65, ikashuka 63 mwaka 2017, kisha 55 mwishoni mwa 2021. Lakini punguzo hilo la 2021 lilikuja wiki chache baada ya kuondolewa £20 za kila wiki zilizoongezwa wakati wa korona, kwa hiyo wasio na kazi, na wengi wenye kazi pia, walipoteza zaidi ya walichopata.

Utaniuliza, kwa nini wasikate peni 20 tu? Nimelifikiria sana. Msaada ukipungua taratibu, unawafikia watu wenye kipato cha juu zaidi, na bajeti inapanda. Ukipungua haraka, bajeti inashuka lakini watu kama wewe mnabanwa. Ukitaka bajeti ishuke bila kukata haraka, itabidi upunguze msaada wa asiye na kitu kabisa, na hilo mimi silikubali hata kidogo. Kwa hiyo sisemi ni rahisi. Nasema kila chaguo lina anayelipa gharama, na kwa miaka mingi wamechaguliwa walewale. Angalia wanandoa: wakiwa kwenye Universal Credit wana kiwango kimoja tu cha kuchuma bila kuguswa, nacho mume akikimaliza, mke akirudi kazini baada ya uzazi anapoteza peni 55 kwenye pauni yake ya kwanza kabisa. Wangeanza kwa kumpa huyo mama kiwango chake mwenyewe. Tena wapo wenzetu ambao viza zao haziwaruhusu kupata fedha za umma. Hao wanalipa kodi hiyohiyo na msaada wenyewe hawauoni.

Sasa, uzichukue au usizichukue? Mimi ningeuliza kwanza kama saa hizo zinaweza kuunganishwa na siku unazofanya tayari. Ukirefusha zamu badala ya kuongeza siku, nauli haipo na klabu huenda isihitajike, unabaki na zile £25 au hata £31 kama halmashauri yenu haikati. Hizo zina maana, zinalipa umeme. Ila wakikutaka Jumamosi, siku ambayo watoto hawana pa kukaa, ningekataa bila kuona aibu. Na usiogope mshauri wa kazi wa Universal Credit. Presha kubwa ya kutafuta saa zaidi huwaangukia walio chini ya mshahara wa kama saa 18 za kima cha chini kwa wiki. Wewe upo juu ya hapo.

Jambo jingine ambalo wachache wanatuambia: pensheni ya kazini. Kwa mshahara wako umeandikishwa tayari, na mchango wako huondolewa kabla Universal Credit haijapiga hesabu. Kama mpango wenu unakatwa kabla ya kodi, kila pauni unayoiongeza kwenye pensheni inakugharimu peni 36 hivi. Mlango uleule unaokuumiza, hapa unakufungukia. Sisemi uweke nyingi, najua friji inataka kujazwa. Lakini kama utafanya hizo saa nane, fikiria kupeleka hata sehemu ndogo huko, kwa sababu hatutainua wazee maisha yote.

Mwambie dada yako nilivyoandika, au msomee. Akisema bado ni uvivu, muulize kama yeye angefanya kazi Jumamosi nzima kwa £16.

Nitumie picha ya taarifa yako ya malipo na hati ya mshahara ya mwezi uliopita, ukifunika namba zako. Nitapiga hesabu ya kwako halisi, kwa halmashauri yenu. Umesema meneja anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo zikinifikia wiki hii tutakuwa na muda wa kutosha.

Wako akupendaye,
Mwanaidi