Ramani isomwe mlima ukionekana

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na walimu wenzangu wa jiografia hapa Moshi. Wanafunzi wetu wanakariri kwamba kontua ni mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, lakini wape ramani ya 1:50,000 wakuonyeshe bonde la Mto Karanga, wengi wanakwama. Inaniuma, maana somo lenyewe liko dirishani.

Tuwatoe nje asubuhi, mawingu hayajafunika Mlima Kilimanjaro. Waone kilele cha Kibo, mita 5,895, ingali na umbo la koni. Kilele cha pili, Mawenzi, volkano iliyokufa zamani, imeliwa na mmomonyoko hadi ikabaki miamba iliyochongoka. Kisha wainamie ramani: penye Mawenzi mistari imebanana, mteremko ni mkali, kushuka tambarare za kusini inaachana. Penye korongo hujikunja kama herufi V, ncha ikielekea mto unakotoka. Sentimita moja ya ramani hiyo ni nusu kilomita ardhini, nao wanaweza kuipima kwa hatua zao wenyewe.

Ramani hizi huandaliwa na Wizara ya Ardhi. Halmashauri, tafadhali, zinunulieni shule za sekondari japo nakala chache.

Mwalimu wa jiografia,
Moshi