Katiba haitoi haki. Someni kitenzi chake

Mhariri,

Kuna sentensi ambayo mawaziri, wanaharakati na hata mawakili hawachoki kuirudia katika safu za maoni: "Katiba imetupa haki hii." Inasikika kama sentensi isiyo na madhara. Lakini kitenzi hicho, kupa, kimeshajibu swali zima la haki hutoka wapi, na jibu hilo ndilo linaloamua nani atasimama kujieleza, raia au dola.

Mwenye kupa anaweza kunyang'anya. Haki ikiwa ni zawadi ya dola, raia aliyezuiwa kusema ndiye atakayetakiwa kuonyesha kwamba aliruhusiwa. Ikiwa haki ilikuwapo kabla ya dola, kazi inahamia upande wa pili: dola ndiyo ieleze kwa nini imemzuia. Mahakamani jambo hili huitwa mzigo wa kuthibitisha, na kesi nyingi za haki huamuliwa hapo.

Walioandika katiba kwa makini walilijua hilo. Ibara ya 19(3) ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatamka kwamba haki ni za kila mtu na hazitolewi na dola. Ibara ya 12 ya Katiba ya Tanzania inaanza, "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Huzaliwa, haikusema hufanywa. Rekebisho la kwanza la Katiba ya Marekani, lililoridhiwa mwaka 1791, halimpi mtu uhuru wa kusema hata kidogo. Linalikataza Bunge kutunga sheria ya kuupunguza uhuru huo. Rekebisho la tisa linaongeza kuwa kuorodheshwa kwa baadhi ya haki kusichukuliwe kuwa ushahidi kwamba wananchi hawana nyingine.

Basi hiyo haki iliyotangulia dola ilitoka wapi? John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, aliona chimbuko lake ni Mungu na maumbile ya binadamu. Jeremy Bentham, mwanafalsafa mwingine wa Uingereza, akaja kuwacheka wote wenye mawazo ya namna hiyo: haki ni mtoto wa sheria, na hizo haki za asili zisizofutika ni upuuzi uliopandishwa juu ya mironjo. Bentham si wa kupuuzwa. Haki ya asili haina karani wala hati ya wito, na haina askari wa kumfungulia mtu mlango wa mahabusu. Ila kuna swali moja linalomkwamisha: kama haki ni sheria tu, tunapoiita sheria fulani dhalimu, tunaipima kwa kipimo gani?

Kwa maoni yangu jibu lenye manufaa zaidi limo katika historia ya vifungu vyenyewe, kwa sababu karibu kila kifungu cha haki ni kovu. Magna Carta, hati ya Uingereza ya mwaka 1215, katika kifungu cha 39, inakataza mtu huru kukamatwa au kunyang'anywa mali bila hukumu ya wenzake au sheria ya nchi, maana Mfalme John alikuwa akifanya hayo hayo. Mwaka 1679 Uingereza ikatunga sheria ya kulazimisha mfungwa afikishwe mbele ya jaji. Majaji wakabuni ujanja wa kutoza dhamana kubwa asiyoimudu mtu, na ndiyo maana Hati ya Haki ya mwaka 1689 inakataza dhamana iliyopita kiasi. Kifungu cha 26(3) cha Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 kinasema hakuna kumtoa mtu nyumbani kwake bila amri ya mahakama. Anayejua namna familia zilivyohamishwa kwa nguvu enzi za ubaguzi wa rangi hahitaji kuuliza kifungu hicho kilitoka wapi.

Kovu kubwa kuliko yote ni la Ujerumani. Katiba ya Weimar ya mwaka 1919 ilikuwa na haki nzuri kweli kweli, lakini ibara yake ya 48 ilimruhusu Rais kusimamisha saba kati ya hizo wakati wa hatari. Tarehe 28 Februari 1933, siku moja baada ya jengo la Bunge kuungua, amri ilitolewa na zote saba zikasimamishwa. Zilipaswa kusimama kwa muda. Hazikurudi hadi utawala wa Hitler ulipoanguka mwaka 1945. Walioandika Sheria ya Msingi ya mwaka 1949, yaani katiba iliyofuata, wakaanza na utu wa binadamu katika ibara ya kwanza, kisha ibara ya 79(3) ikapiga marufuku msingi huo kuguswa, hata Bunge zima likitaka.

Si kwamba haki haiwekewi mipaka. Nyingi huwekewa, na lazima ziwekewe, maana uhuru wangu unagongana na wako. Swali ni kipimo. Mahakama nyingi sasa hupima kwa hatua zinazofanana: je, mpaka umewekwa na sheria iliyo wazi? Una lengo halali? Una uhusiano wa kimantiki na lengo hilo? Na je, umebana zaidi ya inavyohitajika? Mfano unaofundisha ni kesi ya Oakes, Kanada, mwaka 1986. Sheria ilisema anayekutwa na dawa za kulevya atachukuliwa kuwa mfanyabiashara wa dawa hizo mpaka athibitishe vinginevyo. Lengo lilikubaliwa kuwa zito. Sheria ilianguka katika hatua ya mantiki: kukutwa na kiasi kidogo hakuonyeshi kwamba mtu anauza.

Tanzania nayo ina kesi yake, ya Kukutia Ole Pumbun, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1993. Haki ya kwenda mahakamani ilikuwapo, lakini aliyetaka kuishtaki Serikali alitakiwa kwanza kupata ridhaa ya Serikali hiyo hiyo. Mahakama ilikifuta kifungu hicho, ikisema sheria inayobana haki isiwe ya kiholela, na isibane kupita kiasi cha lazima.

Hapa ndipo wananchi wanapoteleza. Tunasoma vichwa vya miswada na kuacha matumbo yake. Haki haifutwi kwa kifungu kinachosema "haki hii imefutwa". Huondoka kwa maneno madogo kama "kwa mujibu wa sheria", ambayo yakiachwa bila kipimo humaanisha kwamba sheria yoyote ya kawaida yaweza kuimeza haki ya kikatiba. Huondoka pia katika kifungu cha tafsiri, kule mwanzoni, pale "mkusanyiko" unapofafanuliwa kuwa watu watatu. Na zaidi ya yote huondoka katika kifungu cha karibu na mwisho kinachosema Waziri anaweza kutunga kanuni. Sheria mama hujadiliwa bungeni. Kanuni huandikwa ofisini, zikachapishwa katika Gazeti la Serikali, na mara nyingi Bunge huziona zikiwa tayari zinatumika.

Katika mabunge yaliyorithi utaratibu wa Uingereza, muswada husomwa mara tatu. Usomaji wa kwanza ni wa jina tu, hakuna mjadala. Wa pili hujadili msingi wa muswada. Maneno yenyewe hubadilishwa katika hatua ya kamati, kifungu kwa kifungu, na usomaji wa tatu ni wa kukamilisha. Kelele zetu huanza Rais anapokaribia kutia saini, wakati ambapo mwananchi hana tena nafasi ya kubadilisha hata nukta.

Anayetaka maoni yake yafanye kazi ayapeleke kwenye kamati, na asiandike "tunapinga kifungu cha 14". Aandike: katika kifungu cha 14, maneno "akiona inafaa" yafutwe, na badala yake yawekwe "akiwa na sababu za msingi alizoziandika na kumpa mhusika". Mabadiliko hayo ya maneno machache yanamlazimisha ofisa kutoa sababu, na sababu iliyoandikwa ndiyo jaji atakayoishika mkononi siku raia atakapofungua kesi.

Msomaji wako