Neno "chaji" limebebeshwa mengi kupita kiasi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme machache kuhusu neno la Kiingereza "charge", ambalo sisi wakazi wa Mombasa tumelipokea kwa umbo la "chaji" na kulipa kazi nyingi mno. Abiria akishuka kwenye tuktuk pale Kongowea huulizwa na mwenzake amechajiwa ngapi; simu ikizimika, mwenyewe hutafuta chaji; na mshukiwa akifikishwa mahakamani Shanzu, utasikia watu, wakiwemo baadhi ya watangazaji, wakisema amechajiwa.

Kwa Waingereza maana hizo ni za ukoo mmoja. Neno lenyewe lilitoka katika Kilatini likapitia Kifaransa cha kale, na mwanzoni lilihusu kupakia mzigo garini. Baadaye bunduki ikapakiwa baruti, mtu akabebeshwa usimamizi, bidhaa ikawekewa bei, mtuhumiwa akatwikwa kosa, na umeme ulipokuja, betri nayo ikajazwa. La kupendeza ni kwamba sisi watu wa bandari tuna neno "shehena", tulilolipata kwa Waarabu, na Waarabu wenyewe hutumia mzizi wa neno hilo kwa mizigo ya meli na pia kwa kuchaji simu. Wazee wetu walichukua mzigo wa meli peke yake. Basi anayeazima neno halazimiki kuazima maana zake zote.

Sina ugomvi na chaji ya simu, kwa kuwa imeziba pengo. Ninalolipinga ni kuliacha neno hilo liyafukuze maneno tuliyo nayo: kutoza, kushtaki, msimamizi. Katika zahanati moja nilimwona mzee aliyeambiwa akamwone "inchaji", yaani msimamizi, akienda kupanga foleni kwenye dirisha la malipo, na sikuona kosa lake, kwani alilolisikia ni chaji, na chaji kwake ni pesa.

Mahakamani madhara ni makubwa zaidi. Mama wa Kinango akipigiwa simu na kuambiwa kwamba mwanawe amechajiwa elfu ishirini, aelewe nini? Ikiwa ni faini, kesi imekwisha na kijana amepatikana na hatia. Ikiwa ni dhamana, kesi bado inaendelea, na fedha hizo hurudishwa iwapo mshtakiwa atatimiza masharti ya mahakama. Na ikiwa ni ada iliyotozwa na wakili, basi si jambo la hakimu hata kidogo. Mama huyo anaweza kuuza mbuzi wake bila kujua fedha zinakwenda wapi, ilhali Kiswahili kina neno mahususi kwa kila moja ya hali hizo.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 50, inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, na inamtaka aelezwe shtaka lake kwa kina cha kumwezesha kulijibu. Asiyefahamu lugha ya mahakama ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Haki hizi hupungua nguvu pale mkalimani, karani au mwandishi wa habari anapotumia neno moja kwa kushtakiwa, kutozwa faini na kuwekewa dhamana, kwa sababu jamaa na majirani humhesabu kijana kuwa mwizi kabla shahidi wa kwanza hajasimama kizimbani.

Kwa hivyo, Mhariri, naomba waandishi wako wanaoripoti kesi waelekezwe kuandika "ameshtakiwa" pale mtu anaposomewa mashtaka, "ametozwa faini" baada ya hukumu pekee, na "ameachiliwa kwa dhamana" anaporuhusiwa kwenda nyumbani akisubiri kesi yake. Vilevile ningefurahi iwapo wasimamizi wa mahakama za Pwani wangewapa makarani wao orodha fupi ya maneno haya, ibandikwe pia ubaoni nje ya kila chumba cha kesi, mahali ambapo jamaa za washtakiwa huketi wakisubiri.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Kiswahili,
Likoni, Mombasa.