Barua kwa Mwanangu kutoka Oyashirazu

Itoigawa, Mkoa wa Niigata, Japani
Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Marahaba kwa shikamoo yako. Namshukuru Mungu kwamba barua yako imenikuta mzima wa afya. Umeniandikia mengi kuhusu masomo yako na chakula cha bwenini, lakini lililonikaa rohoni ni lile ulilolitaja kwa mstari mmoja tu, tena mwishoni, kwamba kuna gego linakuota nyuma kabisa ya taya na usiku linakuuma hata hupati usingizi. Nilinuia kukujibu siku ile ile. Nimechelewa siku nne, na sababu ni kwamba Jumapili nilipelekwa kwenye pwani ambayo jina lake, kwa Kijapani, ndilo jina la hilo gego lako.

Pwani hiyo inaitwa Oyashirazu. Oya ni mzazi, na shirazu ni kutojua. Gego la mwisho wameliita hivyo kwa sababu huota mtu akiwa ameshakua, mzazi hayupo tena karibu wa kulijua. Pwani ililipata jina hilo kwa njia nyingine, nayo ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Iko magharibi ya mji wa Itoigawa, kwenye Bahari ya Japani, mahali ambapo safu ya milima ya Hida, ambayo pia huitwa Alpu za Kaskazini, inateremka moja kwa moja hadi majini. Hakuna tambarare wala vilima vya kupunguza makali. Kuna ukuta wa mwamba unaopanda zaidi ya mita 300, chini yake ukanda mwembamba wa kokoto, kisha bahari. Kipande hicho kigumu kina urefu wa kama kilometa 15, kutoka kijiji cha Ichiburi hadi Omi. Zamani njia kuu ya kwenda nchi za kaskazini ilipita hapo, juu ya kokoto zenyewe, na msafiri hakuwa na pengine pa kukanyaga: wimbi likirudi anakimbia, wimbi likija anajibana katika shimo la mwamba. Husemwa kwamba katika kukimbia huko mzazi hakuweza kumwangalia mwanawe wala mwana kumwangalia mzazi, ndiyo maana upande wa magharibi ukaitwa Oyashirazu na wa mashariki Koshirazu, kutojua mwana. Katikati yake pana kijiji kidogo kiitwacho Uta, jina linaloandikwa kwa herufi yenye maana ya wimbo.

Mshairi Matsuo Bashō alipita hapa mwaka 1689, akalala Ichiburi akiwa hoi kwa uchovu, na katika kuhesabu mahali pa hatari alipopita siku ile alitaja pia Inumodori na Komagaeshi. La kwanza ni mahali mbwa anaporudi nyuma, la pili ni mahali farasi anapogeuzwa. Ukifikiri vizuri utaona kwamba mbwa na farasi walikuwa na akili kuliko waliokuwa wakiwaongoza.

Aliyenipeleka ni mzee mmoja wa hapa, mvuvi mstaafu wa miaka 74, niliyejuana naye kwa sababu ya mafunzo yetu ya uvuvi. Kijapani changu ni cha sokoni na Kiingereza chake ni cha kuhesabu, lakini tunaelewana. Alisimamisha gari juu, kwenye barabara ya zamani iliyochongwa ubavuni mwa mwamba na kufunguliwa mwaka 1883, akanionyesha herufi nne kubwa zilizokatwa kwenye jiwe. Herufi hizo ni sifa waliyoipa barabara hiyo wale walioifungua, kwamba ni tambarare kama kinoo na imenyooka kama mshale. Nilicheka kwa sababu mbele yetu barabara yenyewe ilikuwa imepinda kama mundu, ila kwa mtu aliyezoea kukimbizana na mawimbi nadhani hata mundu ni mshale. Ukisimama hapo unaziona njia zote kwa pamoja: kokoto chini kabisa, barabara ya kale, barabara ya malori ya leo, na kwa mbali ile ya magari ya kasi, ambayo tangu mwaka 1988 inapita juu ya bahari kwenye nguzo, kana kwamba wahandisi nao walishindwa kuelewana na mlima wakaamua kuuzunguka.

Tuliteremka ngazi nyingi. Njiani kuna handaki la matofali la reli ya zamani, lenye urefu wa mita 668, lililotumika kuanzia mwaka 1912 hadi 1965, na sasa watu hupita humo kwa miguu. Kutoka hapo ngazi zinaendelea hadi ufukweni. Hapakuwa na mtu, wala alama ya mtu, isipokuwa chupa za plastiki zenye maandishi ya Kikorea zilizoletwa na maji, na kwa mbali rundo la vitalu vya saruji vyenye miguu minne, ambavyo Wajapani huvimwaga baharini ili kuvunja nguvu ya mawimbi.

Natamani ungeisikia sauti ya mahali pale. Wimbi likija hutoa kishindo kama mawimbi yote, lakini likirudi huzivuta kokoto maelfu kwa pamoja, zikagongana na kusagana, ukasikia kama mbaazi kavu zinapetwa kwenye ungo mkubwa. Halafu kimya. Halafu tena. Kokoto zenyewe ni za mviringo, nyingine kama yai la kuku, nyingine kama punje ya kunde, na rangi zake hazihesabiki: kijivu, nyeusi, nyeupe ya chokaa, nyekundu ya tofali, kijani kilichofifia. Zikiwa zimelowa zinang'aa kama zimepakwa mafuta, lakini nilizozitia mfukoni zilikauka zikawa mawe tu. Kuzikanyaga ni kazi, kwa kuwa mguu huzama hadi kifundoni, na kila hatua mbili unazokwenda moja hukurudisha nyuma.

Wewe umekulia Pangani, na ulijua bamvua na maji mafu kabla ya kujua kusoma. Kwetu siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4, kwa hiyo mtu akitaka kupita chini ya jabali husubiri maji yapwe, akapita kwa miguu mikavu huku akiokota chaza. Bahari ya Japani haina neema hiyo. Tofauti ya kujaa na kupwa kwa maji yake haifiki hata nusu mita, hivyo msafiri wa hapa angeweza kungoja kutwa nzima na ukanda ule wa kokoto usiongezeke upana. Alichokuwa nacho ni nafasi iliyopo kati ya wimbi na wimbi, basi. Na wakati wa baridi hata hiyo hupungua, kwa sababu upepo hutoka Siberia ukavuka bahari yote hii bila kizuizi. Ni wa ukoo mmoja na kaskazi yetu, mwanangu, ila kaskazi ilituletea majahazi, na huu huwaletea theluji na mawimbi ya kutisha.

Jumapili bahari ilikuwa tulivu. Mzee akanionyesha mwamba uliochomoza mbele yetu, akaniuliza kwa ishara kama nataka kujaribu. Nikakunja gauni, nikavua viatu, kisha nikavivaa tena haraka kwa kuwa kokoto zilikuwa baridi kama barafu. Yeye akawa anahesabu mawimbi kwa sauti, na aliposhusha mkono nikakimbia. Zilikuwa hatua kama arobaini. Sikuona chochote ila mahali pa kuweka mguu unaofuata. Wimbi lilinipata magotini nikiwa nimeushika mwamba, nikapiga ukelele ambao bibi yako angeuonea haya, na nilipogeuka ndipo nilipomkumbuka mzee. Alikuwa nyuma yangu katikati ya njia, amejibana ukutani, maji yanamzunguka vifundoni, anacheka. Katika hatua zile arobaini sikuwa nimemfikiri hata mara moja, na mimi ndiye niliyekuwa kijana kati yetu.

Sikuandikii hili ili kujitetea. Ulipokuwa na miaka sita nilikwenda Mwanza kusoma, nikakuacha kwa bibi yako miaka miwili, na meno yako ya mbele ya utoto yaling'oka yote nikiwa huko. Niliambiwa kwa simu tu kwamba uliyatupa paani. (Hapa nao watoto hutupa paani jino la chini, ila la juu hulitupa chini ya sakafu.) Hukuwahi kuniuliza kama nilikuwa nikikukumbuka. Ungeniuliza, ningekujibu ndiyo, kila saa, na jibu hilo lisingekuwa kweli. Kulikuwa na siku za mitihani nilizopita bila kukukumbuka mpaka nilipoinua kichwa usiku.

Wenyeji wana simulizi kwamba mke wa Taira no Yorimori, baada ya ukoo wa Taira kuanguka katika karne ya 12, alikuwa akipita hapa kumfuata mumewe, na wimbi likamnyang'anya mtoto mchanga aliyekuwa kifuani pake. Wanaisimulia kama asili ya jina. Mimi naona hailingani nalo, kwa maana mama yule alikuwa amemshika mwanawe. Hawezi kuitwa asiyejua. Afadhali nilipenda jina la mojawapo ya yale mashimo ya mwamba ambamo wasafiri walijibana kusubiri wimbi lipite. Waliliita Ōfutokoro, na futokoro ni pale kifuani ndani ya mkunjo wa kimono, mahali mama anapomtia mtoto. Niliwaza kwamba huenda humo ndimo watu walimokuwa wakihesabiana, nani amefika na nani bado.

Sasa kuhusu jiwe uliloniagiza. Itoigawa ndiko yanakotoka mawe ya thamani yaitwayo jade, ambayo Wajapani huyaita hisui, na mwaka 2016 wataalamu wao wa madini waliyachagua kuwa jiwe la taifa. Watu wa kale waliyachonga kuwa mapambo maelfu ya miaka iliyopita, kisha asili yake ikasahaulika kabisa, hata wasomi wakadhani mawe hayo yaliletwa kutoka nchi za nje, mpaka yalipogunduliwa upya mwaka 1938 katika mto wa Kotaki, hapa hapa. Mito huyaleta baharini na mawimbi huyatawanya kwenye kokoto, kwa hiyo mtu anaweza kuyaokota. Mzee alinifundisha: usifuate rangi ya kijani, kwa kuwa jade nyingi ni nyeupe, tafuta jiwe zito kuliko ukubwa wake, lenye pembe badala ya mviringo kwa sababu ni gumu kusagika, na lenye vimeto vidogo likielekezwa juani.

Niliokota moja la kijani kizuri, nikalipenda, nikapuuza mafunzo yote. Jumatatu nikalipeleka kwenye makumbusho ya mawe ya mjini, ambako wataalamu hukagua mawe ya waokotaji. Kijana aliyelishika hakuchukua hata dakika moja. Akatabasamu kwa adabu, akaniambia kwamba hilo waokotaji huliita kitsune-ishi, jiwe la mbweha, kwa sababu mbweha kwao ni mjanja wa kuhadaa watu kama sungura wa hadithi zetu. Nakuletea hilo hilo. Ukilitaka ling'ae, lilowanishe.

Na gego usilichezee. Mafuta ya karafuu aliyokupa bibi yatatuliza maumivu, lakini hayatalinyoosha gego lililolala ndani ya ufizi. Nenda kwa daktari wa meno wiki hii, upigwe picha, na uulize kama litang'olewa au litaachwa. Fedha nimezituma kwa mjomba wako, atakuletea Ijumaa. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta kama linaota kulia au kushoto, juu au chini, na hukuandika. Niandikie.

Wako,
Mama